Mayai Sita na Swali la Stima

Wengi wenu mmezoea kunikuta hapa nikilalamikia seva, hifadhidata na wateja wanaotaka programu nzima kwa bei ya chai na mandazi. Leo hayo nayaweka kando. Leo nazungumzia tumbo langu. Nawe mwanamume unayesoma, usikimbie! Una dada, una mke au utakuwa na binti, na humu mna hesabu na mashine za kukutosha.

Nianze na hitilafu, maana kusaka hitilafu ndiyo kazi inayonilisha.

Mwanzoni mwa 2023 nilikuwa na miaka 35. Sina mume, sina mtoto, nina kazi nzuri Nairobi na maumivu ya hedhi niliyokuwa nimeyazoea jinsi mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Kwenye simu nilikuwa na programu ya kufuatilia hedhi. Kila mwezi ilinichorea siku za kijani, yaani siku za kuweza kushika mimba, na katikati yake nyota moja: siku ya 14, yai linatoka. Jioni moja nikaamua kupekua namba zangu za nyuma. Mizunguko yangu minane iliyopita ilikuwa ya siku 24, 26, 25, 25, 27, 24, 26 na 25. Na bado nyota ilikaa palepale, siku ya 14, kila mwezi!

Yeyote anayeandika programu anajua maana yake. Kuna mtu aliandika namba 14 ndani ya msimbo, akafunga kipakatalishi, akaenda zake nyumbani.

Hebu tuelewane kwanza. Mzunguko wa mwanamke una sehemu mbili. Ya kwanza huanza siku ya kwanza ya hedhi hadi yai litoke, nayo ndiyo hurefuka au kufupika. Ya pili, kuanzia yai kutoka hadi hedhi inayofuata, haibadiliki sana. Kwa wengi ni karibu wiki mbili. Kwa hiyo anayetaka kukisia anahesabu kwa kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo, hahesabu kwenda mbele. Daktari mmoja wa Japani, Kyusaku Ogino, alilichapisha jambo hili mwaka 1924: yai hutoka kati ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi inayofuata. Programu yangu ya karne ya 21 ilikuwa imeachwa nyuma na mzee huyo kwa miaka mia moja hivi.

Nikaifuta. Nilikuwa na sababu ya pili pia. Mwaka 2021 tume ya Marekani inayosimamia haki za wateja, FTC, ilifikia makubaliano na watengenezaji wa programu ya hedhi iitwayo Flo, baada ya kuwashutumu kwamba walipitisha habari za kiafya za watumiaji kwa kampuni nyingine zikiwemo Facebook na Google. Kwetu Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya miongoni mwa data nyeti. Nikajiambia: ikiwa ni nyeti, basi zikae kwangu. Nikafungua lahajedwali.

Nilinunua kipimajoto chenye desimali mbili na kukiweka chini ya mto. Kila asubuhi, kabla sijainuka, kabla hata ya kusalimia simu, napima na kuandika. Baada ya yai kutoka, homoni ya projesteroni hupandisha joto la mwili kidogo sana, kati ya nyuzi 0.2 na 0.5 za Selsiasi. Langu lilikuwa 36.3 au 36.4 mwanzoni mwa mwezi, kisha linaruka hadi 36.7 na kubaki huko juu. Kanuni inayotumika ni rahisi: ukipata siku tatu mfululizo ambazo joto liko juu ya siku sita zilizotangulia, yai limeshatoka. Niliiandika kwa mistari kumi na miwili ya Python. Jibu lilikuwa siku ya 11, siku ya 10, siku ya 12, siku ya 11. Nyota ya siku ya 14 haikuwahi kupatia hata mara moja.

Sasa angalia hatari yake. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume zinaweza kusubiri ndani ya mwili hadi siku tano. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulionyesha kuwa siku za kushika mimba ni sita: tano kabla ya yai kutoka, pamoja na siku yenyewe. Mwanamke mwenye mzunguko kama wangu akitafuta mtoto kwa kuiamini nyota ile, anafika stendi basi limeshaondoka. Na anayekwepa mimba kwa kuiamini, huyo ndiye anayepata mshangao.

Lakini kipimajoto nacho kina upungufu wake. Ni kama logi ya seva: kinakuambia kilichotokea, hakikuambii kitakachotokea. Ishara ya mbele huja kwa njia nyingine. Ute wa ukeni huwa laini na wa kuvutika kama ute wa yai bichi siku chache kabla. Kuna pia vijiti vya kupima mkojo vinavyonasa homoni ya LH, ambayo hupanda siku moja au moja na nusu kabla ya yai kutoka. Vyote vinauzwa kwenye duka la dawa na havihitaji intaneti.

Haya basi. Katika lahajedwali ile niliongeza safu moja ambayo sikuipangia makuu: maumivu, kutoka 0 hadi 10. Baada ya miezi minne nilichora grafu, nikakaa kimya. Nilikuwa na siku tisa kila mwezi zenye 6 au zaidi. Siku tisa! Si za hedhi pekee. Nyingine zilikuja katikati ya mwezi, nyingine nikienda haja kubwa. Kwa miaka kumi na tano nilikuwa nimewaambia madaktari kwamba "huwa naumwa na tumbo", nao wakanipa vidonge na kuniambia ni kawaida ya wanawake. Sikuwa nimewahi kumwonyesha yeyote namba.

Mwezi Juni nilimpelekea daktari wa wanawake karatasi ile. Hakucheka. Aliisoma yote, akaniuliza maswali matatu, akanilaza kwa picha ya altrasaundi. Kwenye ovari ya kulia kulikuwa na uvimbe wa sentimita tano, umejaa damu nzito iliyokaa muda mrefu. Uvimbe huo unaitwa uvimbe wa chokoleti kwa sababu ya rangi yake, nao hutokana na ugonjwa wa endometriosisi: chembe zinazofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba kumea mahali pasipo pake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa ana ugonjwa huu.

"Dada, uvimbe huu utatolewa," daktari akasema. "Lakini upasuaji wake mara nyingi huondoka na sehemu ya ovari nzima pamoja na mayai yake. Je, unataka watoto siku moja?"

Sikuwa na jibu. Niliangalia dari. Wakati wote huo nilikuwa nimelichukulia swali hilo kama kazi isiyo na tarehe ya mwisho, ile unayoisukuma wiki hadi wiki. Sasa tarehe imewekwa na mtu mwingine.

Alinieleza hesabu yenyewe. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai milioni moja au mbili. Anapovunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne. Maishani mwake yatakayotoka hayafiki mia tano. Mengine yote hufa polepole, awe anazaa au hazai, awe anameza vidonge au hamezi. Hakuna namna ya kuongeza. Ni hifadhidata ya kusoma na kufuta tu.

Nilipimwa damu kutafuta homoni iitwayo AMH, inayoonyesha ni vifuko vingapi vya mayai vingalipo. Yangu ilikuwa 1.6, si nyingi kwa umri wangu. Ngoja kwanza, dada unayesoma, usikimbilie maabara ukarudi unalia! Kipimo hicho kinakadiria idadi, hakipimi ubora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la JAMA uliwafuata wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, ukakuta kwamba wenye AMH ndogo walishika mimba sawasawa na wengine. AMH inasaidia kukisia mwanamke atatoa mayai mangapi akichomwa dawa. Kwangu hilo ndilo lililohitajika.

Ushauri ulikuwa huu: gandisha mayai kwanza, upasuaji baadaye.

Jambo la fedha sitalificha. Mwaka 2014 magazeti yaliandika sana kwamba Facebook na Apple zinawalipia wafanyakazi wao wa kike wanaotaka kugandisha mayai. Mimi bima yangu ya kazini ilijibu kwa barua pepe ya mistari miwili kwamba huduma hiyo haimo. Gharama yote pamoja na dawa ilikuwa shilingi 480,000. Nusu ilikuwa akiba yangu ya kununua kiploti Kitengela. Nusu nyingine nilikopa kwenye sako, na kwenye fomu, mahali pa sababu ya mkopo, nikaandika "maendeleo". Cheka tu, nami nilicheka.

Siku ya pili ya hedhi ya Agosti nikaanza sindano. Kwa kawaida mwili huandaa vifuko kadhaa kila mwezi, kimoja kinashinda na vingine vinakufa. Homoni ya FSH inayochomwa inaviokoa vile ambavyo vingekufa, vikue pamoja. Unajichoma mwenyewe, chini ya ngozi ya tumbo, saa ileile kila usiku. Yangu ilikuwa saa tatu. Kutoka siku ya sita unaongeza sindano ya pili ya kuzuia mayai yasitoke mapema. Kila baada ya siku mbili tatu ni altrasaundi, kuangalia vifuko vinavyokua na kuhakikisha ovari hazivimbi kupita kiasi, maana hiyo ndiyo hatari kubwa ya dawa hizi.

Dawa lazima ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Usiku wa nne, saa moja kasoro, stima ikapotea mtaa mzima. Wakaao Rongai wanajua stima ya Rongai ikiondoka haiagi. Nilisubiri hadi saa mbili na nusu, nikatoa dawa ya makumi ya maelfu ya shilingi kwenye friji, nikaifunga kwa taulo ndani ya chupa ya chai pamoja na barafu niliyoomba kwa mwuza samaki wa pale chini. Aliniuliza, "Ni chanjo ya kuku?" Nikamjibu, "Karibu na hapo." Saa tatu kamili nilijichoma kwa mwanga wa tochi ya simu, mikono ikitetemeka.

Siku ya kumi na moja usiku nikachomwa sindano ya mwisho, ile inayoyaambia mayai yakomae. Kutoka hapo saa inahesabiwa kikwelikweli: mayai yanatolewa baada ya saa 36 hivi. Ukichelewa yanajitokea yenyewe. Nililazwa, nikapewa dawa ya usingizi, na daktari akapitisha sindano ndefu kupitia ukeni huku akiiongoza kwa altrasaundi. Dakika ishirini hivi. Nilipoamka nesi alikuwa ameandika namba kwa kalamu kwenye kiganja changu: 8.

Ovari ya kushoto ilitoa sita. Ya kulia, yenye uvimbe, mbili. Kati ya manane, sita ndiyo yaliyokuwa yamekomaa. Yakagandishwa sita.

Sasa upande wa ufundi, ambao najua mmeusubiri. Yai ndilo seli kubwa kuliko zote mwilini, upana wake kama sehemu ya kumi ya milimita, na limejaa maji. Ukiligandisha polepole, maji hugeuka fuwele za barafu na kulichana kwa ndani. Ndiyo sababu, ingawa uzazi wa kwanza kutokana na yai lililogandishwa uliripotiwa Australia mwaka 1986, kwa muda mrefu matokeo yalibaki hafifu. Mbinu ya sasa inatumia dawa nzito ya kuondoa maji, kisha yai linatumbukizwa kwa ghafla hata maji yaliyobaki hayapati nafasi ya kuwa fuwele. Yanaganda kama kioo. Chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani kiliacha kuiita njia hii jaribio mwaka 2012. Mayai hukaa ndani ya naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Nilimwuliza fundi wa maabara swali lililokuwa likinikera tangu usiku wa Rongai: stima ikipotea?

Alitabasamu. Tangi halitumii stima kupoza. Ni thamosi kubwa yenye kuta mbili na ombwe katikati. Naitrojeni yenyewe ndiyo baridi. Kazi ya binadamu ni kuongeza naitrojeni kabla haijapungua, na stima ni ya vipima kiwango na kengele tu. Nilifurahi, kisha nikarudi nyumbani kusoma zaidi. Machi 2018, katika hospitali moja ya Cleveland, Marekani, joto la tangi lilipanda na zaidi ya mayai na viinitete 4,000 vikaharibika. Hospitali ilieleza kuwa mfumo wa kupeleka tahadhari kwa wafanyakazi walio mbali ulikuwa umezimwa. Wandugu mnaosimamia seva, mnaijua hadithi hiyo. Kengele ilikuwepo, ila ilikuwa imezimwa. Niliwaandikia maabara yangu kuuliza ni nani hupigiwa simu saa nane usiku. Walinijibu kwa majina na zamu. Ndipo nikalala.

Mama nilimwambia Desemba, nyumbani Voi. Ni mwalimu mstaafu, hapendi kuzungushwa. Nilimweleza yote tukichambua mchele. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na stima ikipotea?" Nilicheka hadi machozi. Nilipomaliza kueleza habari ya thamosi, aliweka ungo chini.

"Mwanangu, mimi pia nilikuwa naumwa hivyo. Mimba mbili zilinitoka kabla yako. Bibi yako aliniambia ukizaa yataisha. Nikazaa, hayakuisha."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambia nini? Sikujua hata jina lake." Akachukua ungo tena. "Mficha uchi hazai. Nasi tulificha."

Methali hiyo nimeisikia maisha yangu yote, lakini siku ile niliisikia kwa maana yake ya chini kabisa. Ugonjwa huu hupatikana zaidi kwa mabinti na dada za walio nao. Kama mama angekuwa na jina la kunipa, huenda nisingesubiri hadi miaka 35.

Upasuaji ulifanyika Januari 2024, kwa matundu madogo matatu. Uvimbe ulitoka. Siku zangu za maumivu sasa ni mbili, wakati mwingine tatu. Miezi sita baadaye nilipima AMH tena: 0.7. Nilichoambiwa kingeweza kutokea kilitokea.

Sasa nyinyi mliozoea kunisikia nikihubiri nakala rudufu, mtajua ninapoelekea. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha si nakala, ni matumaini. Mayai sita si watoto sita. Kila moja lazima linusurike kuyeyushwa, lirutubishwe kwa kuchomwa mbegu moja ndani yake, likue siku tano, lishike kwenye mji wa mimba, kisha lifike miezi tisa. Katika kila hatua mengine hubaki njiani. Kielelezo kilichochapishwa mwaka 2017 kilikadiria kuwa mwanamke aliyegandisha mayai 20 yaliyokomaa ana nafasi ya asilimia 90 ya kupata angalau mtoto mmoja ikiwa alikuwa na miaka 34, asilimia 75 akiwa na 37, na 37 akiwa na 42. Mimi nina sita. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walisema kweli, lakini hawakusema akiba inatosha.

Kabla sijaondoka, haya machache ya kubeba:

1. Andika mzunguko wako, hata kwenye daftari la shilingi ishirini. Andika na maumivu. Daktari hupuuza "naumwa". Hupata shida kupuuza miezi minne ya namba.

2. Usiamini nyota ya siku ya 14 kabla ya kujua imetoka wapi. Uliza programu yako pia inazipeleka wapi habari zako.

3. Maumivu yanayokuzuia kwenda kazini au shuleni si ya kawaida. Ukiambiwa ni ya kawaida, tafuta daktari mwingine.

4. Kabla ya upasuaji wowote wa ovari, au matibabu ya saratani, uliza kuhusu mayai yako kabla, si baada.

5. Ukigandisha, uliza mayai mangapi, yaliyokomaa mangapi, na kengele ya tangi humwamsha nani.

Kila Agosti seva yangu ya nyumbani hunitumia ujumbe: lipa hifadhi. Ujumbe huo niliuandika mwenyewe, mistari minne. Nikishalipa, huwa nabaki nimeshika simu kidogo. Sijaamua. Bado naulizwa na mashangazi kila harusi, na bado nawajibu kwamba nina kazi nyingi. Ila swali la daktari lile sasa naweza kulijibu. Ndiyo, nataka. Lini na na nani, hiyo ni sehemu ya msimbo ambayo bado haijaandikwa.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Nawatakia jioni njema, na stima isiyopotea.